Meza ya ruta ya kujitengenezea: nunua kinachobaki bapa, si kinachopendeza

Kila tunapofungua laini za simu kwenye kipindi cha mafundi, swali hili halikosi: "Nimenunua ruta, sasa nataka kuitengenezea meza. Nitumie mbao gani?" Hewani muda huwa mfupi. Leo tunalijibu kwa maandishi, ulisome polepole, ulihifadhi kwenye simu yako na uende nalo dukani.

Tuanze na jina, maana linachanganya. Ruta tunayoizungumzia si kile kiboksi cha kusambaza intaneti. Ni mashine ya umeme ya seremala inayozungusha biti kwa kasi kubwa; nyingi zenye kidhibiti cha kasi huenda kuanzia mizunguko kama 8,000 hadi 24,000 au zaidi kwa dakika. Hiyo ndiyo inayochonga mifuo ya milango ya kabati, kukata ribeti za fremu na kuweka urembo kwenye kingo.

Ukiishika mkononi, mashine inatembea juu ya mbao. Ukiipindua na kuifunga chini ya meza, biti inachomoza juu na mbao ndiyo inayotembea. Hapo mikono yako miwili inashughulika na mbao, vipande vyembamba vinachongeka, na milango kumi inatoka sawa kama mlango mmoja.

Kosa linalowagharimu wengi

Msikilizaji wetu mmoja wa Mufindi alitusimulia yaliyomkuta. Alitengeneza uso wa meza yake kwa mbao za mninga alizoziunga kwa gundi. Akapiga randa, akapiga msasa, akapaka vanishi juu. Ilikuwa Septemba, kiangazi. Kila aliyeingia karakana aliisifia.

Mvua zikaanza Novemba. Kufika Januari uso ule ulikuwa umejikunja kidogo, katikati umezama. Yeye hakuona. Alichoona ni milango sita ya kabati ikirudishwa na mteja: mfuo upande mmoja ulikuwa na kina kizuri, upande mwingine haukufika, na maungio hayakufunga. Hasara ya mbao, ya muda, na ya jina lake pale kijijini.

Fundi huyu hakuwa mzembe. Alichagua mbao nzuri, ila aliiweka mahali pasipo pake. Mbao halisi, hata iwe ngumu vipi, hunyonya unyevu wa hewa wakati wa mvua na kuupoteza wakati wa jua. Ikinyonya hutanuka kwa upana wake, ikikauka husinyaa. Mafundi husema mbao "inacheza". Uso wa upana wa sentimita 60 unaweza kucheza milimita kadhaa kati ya msimu na msimu. Na kama umepaka vanishi upande wa juu tu, upande wa chini unanyonya zaidi, na uso unapinda.

Kwa hiyo jambo la kushika ni hili: uso wa meza ya ruta hauhitaji mbao ngumu wala nzuri. Unahitaji kitu kinachobaki bapa mwaka mzima. Biti hukata kwa kipimo kutoka juu ya uso huo. Uso ukidanganya, kila kipande unachochonga kitadanganya.

Uso wa meza: machaguo manne

*Plaiwudi ya milimita 18.* Imetengenezwa kwa tabaka nyembamba zilizopishanishwa, moja inaenda hivi na inayofuata inaikata. Tabaka moja ikitaka kucheza, jirani yake inaizuia. Ndiyo maana hutulia kuliko mbao halisi. Kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini haipatikani mbali, kwa kuwa Mafinga kuna viwanda vinavyotumia miti ya huku huku. Ukifika dukani usichukue ya kwanza. Isimamishe, itazame kwa ubavu kama unavyotazama mbao iliyopinda, na ukague kingo: ukiona mapengo kati ya tabaka, rudisha.

*Marini bodi.* Ni plaiwudi yenye ngozi ya rangi nyeusi au kahawia, ile wanayomwagia zege. Gundi yake inavumilia maji, na ngozi yake inateleza, jambo zuri kwa mbao inayosukumwa. Lakini nunua mpya. Iliyotoka kwenye zege huwa imepinda, kingo zimefumuka, na saruji iliyoganda juu yake itakumalizia makali ya msumeno na biti.

*MDF.* Hii ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa na gundi. Ikiwa mpya na kavu huwa bapa na laini kuliko zote, nayo ni nzito, na uzito hupunguza mtetemo. Shiti moja nzima ya milimita 18 ina uzito unaokaribia kilo 40. Adui yake ni maji. Ikilowa huvimba, na hata ikikauka hairudi ilivyokuwa. Kama paa la karakana linavuja, achana nayo.

*Meza kuukuu ya ofisi au kipande cha meza ya jikoni chenye fomaika.* Mafundi wa makabati mjini hubakiwa na vipande walivyokata kupitisha sinki. Vingi ni chipubodi ndani na ngozi ngumu juu. Kwa ruta ndogo kinatosha kabisa. Udhaifu wake ni skrubu: chipubodi haizishiki vizuri, kwa hiyo tumia bolti zinazotoboa hadi upande wa pili, zenye washa na nati.

Ukichagua plaiwudi au MDF, unganisha vipande viwili vya milimita 18 kwa gundi upate milimita 36. Ukitaka uso wa sentimita 60 kwa 80, shiti moja ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande viwili hivyo. Kinachobaki kinatosha ukingo na rafu ya chini. Vibane juu ya sakafu au meza iliyonyooka, kwani gundi ikikauka vikiwa vimepinda, vitabaki hivyo hivyo.

Kisha paka vanishi pande zote: juu, chini na kingoni. Ukibandika fomaika juu, bandika na chini. Pande zote mbili zikinyonya kwa usawa, uso hautapinda.

Jaribio la tochi ya simu

Kabla ya kulipa, omba rula ndefu ya alumini, kama ile ya mafundi wa plasta. Isimamishe kwa ubavu juu ya shiti, kwa urefu, kwa upana, kisha kona kwa kona. Washa tochi ya simu nyuma yake. Penye mwanga pana bonde. Chukua karatasi za daftari na uzipenyeze hapo. Karatasi moja ya kawaida ina unene wa takriban sehemu ya kumi ya milimita. Ikipita moja au mbili, si mbaya. Zikipita tano, umefika nusu milimita. Tafuta shiti nyingine.

Bamba la kushikia ruta

Uso wa milimita 36 ni imara, lakini ukiifunga ruta moja kwa moja chini yake, biti haitatokeza vya kutosha juu. Ndiyo maana unakata dirisha katikati na kuweka bamba jembamba linalobeba mashine. Bamba hili ndilo linalostahili fedha yako kuliko kitu kingine, kwa sababu linabeba ruta inayoweza kufika kilo 5 au zaidi, inayotetema.

Alumini ya milimita 6 ndiyo chaguo letu la kwanza. Haina kutu, inatobolewa kwa keekee ya kawaida na kusawazishwa kwa tupa. Chuma cha pua au cha kawaida cha milimita 4 au 5 nacho ni kigumu, ila mwambie fundi wa kuchomelea asikikate kwa moto, maana joto hukipinda.

Perspeksi inavutia kwa kuwa unaona mashine chini. Lakini alumini inastahimili kupinda zaidi ya mara 20 kuliko perspeksi ya unene uleule. Perspeksi nyembamba ikibeba ruta nzito hulegea taratibu katikati. Na kioo cha dirisha, usithubutu. Kikipasuka biti ikiwa inazunguka, vipande havichagui pa kwenda.

Kama una ruta ndogo ya mkono mmoja, ile ya kilo mbili hivi, unaweza kuacha bamba na kuifunga chini ya plaiwudi ya milimita 12 iliyotiwa mbavu za mbao pembeni.

Fungua kitako cha plastiki cha ruta yako ukitumie kama kielelezo cha kuweka alama za matundu. Skrubu za asili mara nyingi huwa fupi zikipita kwenye bamba. Chukua moja uende nayo dukani, upate za aina ileile ndefu kidogo. Vichwa vyake vizame ndani ya bamba. Na bamba lenyewe lilingane na uso wa meza: likiwa juu au chini, mbao itakwama hapo katikati ya kazi.

Miguu: hapa mbao ina nafasi yake

Kiunzi hakihitaji ubapa wa uso, kinahitaji uzito na uimara. Mbao za paini za mbili kwa nne zinafaa, mradi zimekauka. Ukitaka kujua kama zimekauka, kata kipande, kipime kwenye mizani ya duka, kirudie kila baada ya siku chache. Uzito ukiacha kushuka, kimekauka kwa hewa ya kwenu. Mkaratusi ni mzito na imara, ila hupasuka ukipigiliwa msumari, hivyo toboa kwanza. Tumia bolti kwenye maungio, kwani misumari pekee hulegezwa na mtetemo.

Skwea paipu ya kuchomelea nayo ni nzuri. Weka vipande vya tairi kuukuu chini ya miguu, na mfuko wa mchanga kwenye rafu ya chini. Mchanga wa bure unafanya kazi ambayo wengine wanainunulia vyuma.

Ukingo wa kuelekezea mbao

Ukingo huu, wengi wanauita fensi, ndio unaoegemewa na mbao inapopita kwenye biti. Vipande viwili vya plaiwudi vilivyounganishwa kwa pembe mraba vinatosha. Paipu ya mraba ya alumini kutoka kwa fundi wa madirisha ni bora zaidi. Kata nafasi ya biti katikati.

Hapa kuna fedha ya kuokoa. Biti ni duara, kwa hiyo ukingo hauhitaji kwenda sambamba na meza. Kinachohesabika ni umbali wake kutoka kwenye biti. Funga ncha moja kwa bolti izunguke, ncha nyingine ibanwe kwa klempu. Reli za kununua za nini?

Vidole havina spea

Meza nzuri bado inakata. Ukiwa umesimama mbele na ukingo uko nyuma ya biti, sukuma mbao kutoka kulia kwenda kushoto. Ukienda kinyume, biti itainyakua mbao na kuvuta mkono wako. Usipitishe mbao kati ya biti na ukingo. Kipande kidogo kisukume kwa kipande kingine cha mbao. Biti pana izunguke kwa kasi ndogo, na usiifunge kwenye ruta ndogo.

Weka swichi mahali mkono unapofika bila kuinama. Umeme ukikatika ukiwa kazini, chomoa waya palepale. Ruta iliyofungiwa swichi ikiwa imewaka itaanza kuzunguka yenyewe umeme ukirudi, na huenda wakati huo mtoto anachezea mezani.

Vaa miwani na barakoa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mvule hasa huwasha ngozi na kubana kifua.

Ukienda dukani

Kama fedha ni kidogo, igawe kwa mpangilio huu: kwanza bamba, pili uso ulio bapa, tatu bolti na skrubu nzuri. Miguu, ukingo na uzito wa chini vinaweza kutoka kwenye mabaki ya karakana.

Na yule msikilizaji wetu? Ule uso wa mninga aliufungua, akatengenezea meza ya chai na kuiuza. Kwenye ruta ameweka plaiwudi mbili zilizounganishwa, na bamba la alumini. Haivutii, anasema, lakini tangu hapo hakuna mlango uliorudi.

Ukitengeneza ya kwako, tutumie picha na utuambie ulitumia nini. Tutayasoma majibu yenu kwenye kipindi cha mafundi.