Kutoka Vuga hadi Walenisi: Katama Mkangi na Safari ya Aliyefukuzwa katika Bunilizi ya Kisayansi ya Kiswahili

Televisheni ilianza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994. Mwaka uliofuata, jijini Nairobi, ikachapishwa Walenisi ya Katama Mkangi, riwaya ambayo shujaa wake anarushwa angani ndani ya chombo na kutua katika sayari nyingine. Kwa hiyo mtafiti wa bunilizi ya kisayansi ya Kiswahili hana budi kuanza na kitabu, si na kioo cha televisheni.

Mkangi alikuwa mwanasosholojia wa Pwani ya Kenya na mhadhiri wa chuo kikuu. Alitanguliza Ukiwa (1975) na Mafuta (1984). Mwaka 1986 aliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka; mwaka 1997 aligombea urais; mwaka 2004 alifariki katika ajali ya barabarani. Wasifu huu hautoshi kuifasiri riwaya, ingawa ni vigumu kuusahau pale Dzombo anapohukumiwa kifo kwa sababu ya fikra zake.

Adhabu ya Dzombo ni kutiwa katika chombo ambacho hakuna aliyetarajiwa kurudi nacho. Yeye anajifunza kukiongoza, naye anafika mahali ambapo jina lake, likikatwakatwa, linasomeka "wale ni sisi". Mashine ya kuulia imegeuzwa kuwa usafiri. Hapo ndipo penye uzito wa kisayansi wa riwaya: maarifa hayana upande mpaka ijulikane nani ameshika usukani. Msomaji anayetamani maelezo marefu ya mitambo atatoka na njaa, kwani Mkangi, kama mwanasosholojia, anavutiwa zaidi na jinsi watu wanavyoishi pamoja.

Imezoeleka kudhani kwamba safari ya namna hii imeazimwa kutoka filamu za ng'ambo. Dai la makala haya ni kwamba umbo lake lina mizizi ya karibu zaidi, katika milima ya Usambara. Katika Habari za Wakilindi, Abdallah bin Hemedi anasimulia habari za Mbega wa Ngulu, aliyeitwa kigego kwa kuwa meno yake ya juu yalitangulia kuota. Jamaa zake wanamnyima urithi. Anatangatanga na mbwa wake, akiwinda nguruwe mwitu, hadi anapanda kwa Washambaa. Anawagawia nyama, nao wanampa chakula cha shambani. Anaua simba. Mwisho anatawazwa Vuga. Mkataliwa wa huku anakuwa mtu kamili kule, kwa ujuzi aliofika nao.

Kufanana kunaishia hapo, na tofauti ndiyo yenye faida kwa mhakiki. Mbega anapanda mlima na ujuzi ambao wenyeji wanauhitaji, nao wanamfanya mfalme. Dzombo anatua akiwa mwanafunzi. Wenyeji ndio wenye la kumfundisha. Kati ya wawili hawa yupo Shaaban Robert wa Tanga, ambaye katika Kusadikika (1951) aliwatuma wajumbe pande sita, mbinguni na ardhini zikiwemo, na kila aliyerudi na elimu alifungwa. Mkangi anaanzia palepale mlango wa gereza unapofungwa, ila safari hii mfungwa amekabidhiwa chombo.