Usilaumu betri kabla ya kukagua waya wa ardhi

MWENYE gari la kale aghalabu hulaumu betri pindi taa za mbele zinapofifia au stata inapozunguka kwa uvivu. Hununua betri mpya, na baada ya wiki chache tatizo hurejea vile vile. Yamkini kasoro haikuwa kwenye betri hata kidogo, bali katika njia ambayo umeme hutumia kurudi.

Wengi hufuatilia waya unaopeleka umeme kwenye taa na kusahau kwamba mkondo huo sharti urudi ulikotoka. Katika gari, njia ya kurudi ni bodi lenyewe na fremu yake. Mafundi huiita ardhi, ingawa gari limetenganishwa na udongo kwa magurudumu ya mpira. Mpango huo uliwapunguzia watengenezaji gharama ya nyaya, lakini unategemea chuma kiguse chuma barabara kila mahali umeme unapopita.

Baada ya miaka 40 au 50, mguso huo huwa umedhoofishwa na kutu, na katika maeneo ya pwani chumvi iliyomo hewani huharakisha uharibifu. Land Rover za zamani zina balaa la ziada kwa kuwa bodi ni la aluminiamu ilhali fremu ni ya chuma. Metali hizo mbili zikikutana penye unyevu, aluminiamu huliwa.

Hata gari lililokarabatiwa haliponi. Rangi haipitishi umeme, na mpaka rangi hana sababu ya kuikwangua pale skrubu ya waya inapofungwa. Ndiyo maana gari huweza kutoka gereji likimetameta huku indiketa zake zikigoma.

Hesabu yake ni nyepesi. Stata huweza kufyonza ampea 200. Ukinzani wa ohmu 0.01 pekee hupoteza volti 2 kati ya 12. Taa nazo ni nyepesi kudhurika, kwani volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga wa balbu ya kawaida hupungua kwa takriban thuluthi moja. Kwa anayesafiri usiku, hilo si jambo dogo.

Hatari kubwa zaidi imo chini ya boneti. Injini hukalia mipira, hivyo huunganishwa na bodi kwa mkanda wa shaba uliosukwa. Mkanda huo ukikatika, au fundi akisahau kuurejesha, umeme wa stata hutafuta njia nyingine, mathalani kebo ya choki. Kebo hiyo haikuundwa kubeba mzigo huo. Hupata moto hadi ganda lake likayeyuka, tena karibu na kabureta yenye petroli.

Kipimo cha volti hutoa jibu kwa dakika chache. Gusisha ncha moja kwenye nguzo ya betri iliyounganishwa na bodi na nyingine kwenye chuma cha injini, kisha mtu azungushe stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.5, kasoro iko hapo. Asiye na kipimo atazame taa za nyuma: iwapo taa ya breki inafifia kila indiketa inapowaka, ardhi ya taa hizo ni mbovu.

Tiba ni kufungua kiungo, kukipiga msasa hadi chuma king'ae, kukikaza na kukipaka grisi juu ili unyevu usiingie. Hata hivyo, chunguza kwanza ni nguzo ipi iliyoungwa kwenye bodi. Morris Minor, hadi uundaji wake ulipokoma, ilitumia nguzo chanya, kinyume na magari ya leo, na redio ya kisasa ikifungwa humo bila kujali hilo huungua.

Waya unaokwenda kwenye bodi ndio wa kwanza kufunguliwa betrini na wa mwisho kufungwa. Ukianza na ule mwingine, spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya, cheche zitaruka.