Keki ya mgonjwa wa kisukari: Je, asali na tende si sukari?

MAMA mmoja mwenye ugonjwa wa kisukari aliletwa kwangu hapa Bura siku mbili baada ya Idd. Kinywa kilikuwa kimemkauka, macho yanaona ukungu, na usiku kucha alikuwa akiamka kwenda haja ndogo. Kipimo cha damu kilionyesha sukari ya milimoli 19.4 kwa lita. Binti aliyemleta alishangaa kuliko sisi sote. “Daktari, keki ya mama niliioka kando,” aliniambia. “Sikutia sukari hata chembe. Nilitia asali na tende.”

Binti yule hakusema uongo, wala hakuwa mzembe. Alifanya kazi ya ziada kwa ajili ya mamake, na mama, kwa kuwa aliambiwa keki hiyo haina madhara, alikula asubuhi na jioni kwa siku mbili. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi katika nyumba za mjini na za vijijini vilevile. Asali ni sukari. Sukari guru ni sukari. Tende ina nyuzinyuzi na madini kidogo, lakini zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Mwili haujali ilitoka kwenye mzinga, kwenye mtende au kwenye kiwanda.

Msomaji mpendwa, kabla ya kutafuta badala ya sukari ni vyema tujue keki ya kawaida ina nini. Wengi wetu huoka kwa nusu kilo ya unga, robo kilo ya sukari na robo kilo ya majarini. Keki hiyo ikikatwa vipande 12, kila kipande kina sukari ya vijiko vitano vya chai. Hapo hatujapaka kitu juu. Aisingi ya kawaida hutengenezwa kwa nusu kilo ya sukari ya unga na robo kilo nyingine ya majarini, nayo huongeza vijiko vingine kumi kwa kila kipande. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani vijiko 12, na ikiwezekana abaki kwenye sita. Kipande kimoja tu cha keki ya harusi kimekwisha kuvuka mpaka, na chai bado haijamiminwa!

Kwa hiyo anayetaka kupunguza aanzie juu, si ndani. Aisingi haina kazi yoyote katika kuumua keki. Ni pambo. Badala yake chukua maziwa ya mgando yasiyotiwa sukari, yafunge katika kitambaa safi cha melimeli na uyaning’inize usiku mzima mahali pa baridi ili maji yachuruzike. Yatakayobaki ni mazito kama siagi laini. Changanya na embe bivu lililopondwa na ganda la limau lililokwaruzwa, kisha upake. Maembe ya Mto Tana hujaa sokoni hadi mengine yakaoza, na sioni sababu ya kununua rangi za dukani. Jambo moja kwa majirani wanaofuga ngamia: maziwa ya ngamia hayagandi yakawa mazito kama ya ng’ombe, kwa sababu ya aina ya protini iliyomo, hivyo msijilaumu yakitiririka. Na kwa joto letu hili, keki ipakwe wageni wakiwa wamekwisha kuketi.

Ndani ya keki mambo ni magumu kidogo. Sukari haikuwekwa humo kwa utamu peke yake. Huishika hewa inaposuguliwa na majarini, huzuia keki isikauke, na huipa rangi ya hudhurungi. Mafuta nayo huzuia unga usishikamane ukawa mgumu kama chapati iliyolala. Ukiviondoa vyote viwili kwa mara moja utapata tofali. Lakini unaweza kupunguza kila kimoja kwa nusu, na pengo lake likazibwa na tunda lililopondwa pamoja na maziwa lala.

Kipimo ninachowapa wagonjwa wangu ni hiki. Unga gramu 250, nusu mweupe na nusu wa ata, vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda na nusu kijiko cha soda ya kuokea, ndizi tatu mbivu zilizopondwa, mayai mawili, nusu kikombe cha maziwa lala, mafuta ya alizeti vijiko vinne vya mezani, sukari gramu 60, iliki na mdalasini upendavyo. Ndizi iwe ile iliyoanza kuwa na madoa meusi, maana wanga wake umekwisha kugeuka sukari na utamu wake utakuwezesha kupunguza ile ya pakiti. Iliki nayo huudanganya ulimi ukadhani sukari ni nyingi, siri ambayo nyanya zetu wa pwani waliijua kabla ya madaktari. Changanya upesi na uache, kwani unga wenye mafuta machache ukikorogwa sana hukaza.

Wanaooka kwa sufuria juu ya jiko, makaa machache chini na mengine juu ya kifuniko, wasingoje rangi ile waliyoizoea. Keki yenye sukari kidogo hubaki nyeupe nyeupe hata ikiwa imeiva. Choma katikati kwa kijiti. Kikitoka kikavu, epua.

Je, na zile sukari za bandia za madukani? Si zote zinazofaa motoni. Aspatemu, iliyogunduliwa mwaka 1965, hupoteza utamu wake ikikaa kwenye joto kali. Sukralosi hustahimili zaidi, ila haishiki hewa wala unyevu, na keki hutoka fupi na kavu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri zisitumiwe kama njia ya kupunguza uzito, ingawa ushauri huo haukuwalenga watu ambao tayari wana kisukari. Mgonjwa wangu akitia kidogo katika chai simkatazi. Sioni haja ya kuzinunua kwa ajili ya keki.

Sasa nirudi kwa yule mama, kwa sababu hata keki ya kipimo changu ingeweza kumdhuru. Unga wenyewe hugeuka sukari tumboni. Kipande kimoja kati ya 12, ukijumlisha unga, ndizi na sukari, kina wanga wa gramu 23 hivi, sawa na kipande kimoja na nusu cha mkate. Kwa hiyo kiliwe badala ya mkate au chapati ya mlo huo, kisiongezwe juu yake. Mwenye mashine ya kupimia nyumbani ajipime saa mbili baada ya kula. Atajua mwili wake unavyoipokea kuliko nitakavyomweleza mimi.

Pia yuko anayeruka chakula cha mchana ili “aweke nafasi” ya keki ya jioni. Kama anadunga insulini au anameza glibenklamaidi, hiyo ni hatari kubwa, kwani sukari inaweza kushuka ghafla akatetemeka, akatoka jasho na kuzirai. Hapo ndipo anapohitaji sukari halisi na ya haraka, soda ya kawaida au maji ya sukari akiwa bado na fahamu za kumeza, wala si keki yoyote.

Yule mama alikaa nasi siku tatu, akarekebishiwa dawa, akaenda nyumbani. Binti aliondoka na karatasi ya kipimo mkononi. Wiki moja baadaye alirudi kunieleza kwamba keki ilikuwa nzuri, ila ilifanya ukungu siku ya tatu. Nilisahau kumwambia: sukari nyingi huhifadhi keki, na iliyopunguzwa, kwa joto la Bura, iliwe kesho yake au isiokwe kubwa.