Ripoti ikichelewa, pima kabla ya kuongeza bando

WAFANYABIASHARA wa Tanga wanaohifadhi faili za mauzo mtandaoni, katika OneDrive au SharePoint, wana jambo la kupima kabla ya kulipia intaneti ya kasi zaidi: je, kinachochelewesha ripoti ni mtandao, au ni namna programu inavyoagizwa kuzisoma faili hizo?

Chukua mfano wa muuzaji wa saruji wa jumla mwenye maduka Tanga mjini, Muheza na Korogwe. Kila duka hutuma faili moja ya Excel kwa siku. Kwa siku 300 za kazi, mwaka huisha na faili 900. Ripoti ya Power BI inaposasishwa asubuhi, huzisoma zote upya, hata zile za Januari ambazo hazibadiliki tena. Ikichukua saa nzima, mwenye mali huagiza mzigo kwa kukisia. Korogwe mifuko inarundikana hadi inaganda, na Muheza wateja wanaondoka mikono mitupu.

Mwekezaji mdogo anayetunza faili za bei za kila siku za Soko la Hisa la Dar es Salaam hukumbwa na hali hiyo hiyo.

Tatizo ni wingi wa safari

Programu haichukui faili zote kwa mkupuo. Huomba orodha kwanza, kisha faili moja moja, na kila ombi huenda hadi kwenye seva iliyo mbali na kurudi. Tanga inaijua hesabu hii. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na gati, na shehena ikaletwa kwa matishari. Kupanua barabara ya kutokea bandarini kusingepunguza safari hata moja ya tishari. Nafuu ilikuja gati lilipoongezwa kina hadi mita 13.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Nakili folda hiyo kwenye diski ya kompyuta, kisha uielekeze ripoti isome nakala hiyo. Ikiwa kazi itakwisha upesi, kikwazo kiko njiani. Ikiwa itabaki pole pole, kikwazo kiko ndani ya faili au katika hatua za ripoti.

Kikwazo kikiwa njiani

Kwa watumiaji wa SharePoint, mshukiwa wa kwanza ni agizo la SharePoint.Files. Agizo hilo huorodhesha faili za tovuti nzima ya kampuni, barua na picha zikiwamo, kabla ya kuchuja folda inayotakiwa. SharePoint.Contents huingia folda kwa folda, hivyo huorodhesha machache. Anayebadilisha hana budi kufuta hatua za zamani za kuchuja.

Aidha, miezi iliyofungwa iunganishwe, kila mmoja uwe faili moja ya CSV. Mfanyabiashara wa mfano wetu, mwishoni mwa Desemba, atasoma faili 86 badala ya 900: yaani 11 za miezi iliyopita na 75 za mwezi unaoendelea.

Kikwazo kikiwa ndani

Faili ya Excel ni furushi lililobanwa. Programu hulifungua kwanza ndipo isome. CSV ni maandishi matupu, na kwa kawaida husomwa haraka zaidi. Hali kadhalika, karatasi iliyopakwa rangi au mistari hadi chini kabisa huweza kusomwa kana kwamba imejaa hesabu. Safu zisizohitajika ziondolewe mapema. Vile vile, majedwali matatu yanayotoka katika folda moja yanaweza kuifanya programu irudie usomaji mara tatu.

Hata hivyo, kuna siku kosa ni la mtandao kweli. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, nakala iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ndiyo huokoa kazi.

Lakini nakala hiyo ina hatari yake: ikiwa haijasawazishwa na ile ya mtandaoni, ripoti itafunguka haraka ikiwa na hesabu za juzi. Kabla ya kuagiza mzigo au kuuza hisa, tazama kwanza tarehe ya mstari wa mwisho.