Hekalu la Izumo na Thamani ya Masimulizi

Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Methali hii aghalabu huhusishwa na uvumi, lakini yamfaa pia anayezuru Izumo Taisha, hekalu la kale la dini ya Shinto katika mkoa wa Shimane, magharibi mwa Japani.

Hekalu hili liko chini ya vilima karibu na bahari, mbali na miji mikuu. Mgeni hupita langoni, kisha huteremka njia ndefu. Jambo hili si la kawaida, kwani mahekalu mengi huendewa kwa kupanda. Hunawa mikono na kusukutua kinywa. Afikapo mbele ya lango la ndani huinama mara mbili, hupiga makofi manne, ilhali kwingineko aghalabu hupigwa mawili, kisha huinama tena. Jumba kuu, lililojengwa mwaka 1744 na lenye kimo cha mita 24, hulitazama kwa nje tu.

Anayeabudiwa hapo ni Okuninushi. Kisa chake kimo katika Kojiki, kitabu kilichokamilika mwaka 712. Kwa mujibu wa dibaji yake, Hieda no Are aliyahifadhi masimulizi kichwani, naye O no Yasumaro akayaandika. Kisa chasema kwamba Okuninushi aliiachia nchi kwa sharti la kujengewa jumba refu lenye nguzo nene.

Mapokeo ya hekalu yanashikilia kwamba jumba la kale lilifikia mita 48. Aidha, mchoro wa kale waonyesha kila nguzo ikiwa magogo matatu yaliyofungwa pamoja. Baadhi ya wataalamu waliyatilia shaka hayo yote. Kisha, mwaka 2000, uchimbaji ukafichua magogo matatu ya mwerezi yaliyosimamishwa pamoja, upana wake mita 3 hivi, ya karne ya 13. Leo duara kubwa uani huonyesha yalipopatikana.

Je, mita 48 zimethibitishwa? La hasha. Nguzo imeshuhudia unene wake, si kimo cha jumba. Hata hivyo, masimulizi yaliyodhaniwa kuwa chumvi tupu yalikuwa na kiini cha ukweli. Hili latuhusu sisi tunaokusanya fasihi simulizi nyanjani. Mzee anapotusimulia, tusiyachukue maneno yake kuwa historia kamili, wala tusiyatupe kuwa porojo. Tuyanakili yalivyo, kwa uaminifu, kwani huenda ushahidi wake ungali ardhini.