Daftari la Kura na Mabingwa Wanaolikagua

Kila mara uchaguzi unapokaribia, mazungumzo ya watu wa Lubumbashi huwa juu ya wagombea: nani ana nguvu, nani ana fedha, nani ni wa kwetu na nani si wa kwetu. Ni mara chache sana twasikia watu wakibishana juu ya daftari la wapiga kura. Walakini kazi yote ya uchaguzi imejengwa juu ya daftari hilo, na mabingwa wanaoitwa kutoka mbali kuisaidia nchi yetu mara nyingi hutumia siku zao kukagua majina yaliyomo. Leo twataka kueleza kazi hiyo ilivyo, mahali ilipofaa na mahali ilipokwama.

Mji wetu ni mmoja wa miji mitatu ya Kongo iliyotangulia kupiga kura. Ilikuwa Desemba 1957, Wabelgiji wakitawala, na mji ukiitwa Élisabethville. Miji mingine ni Léopoldville na Jadotville, yaani Kinshasa na Likasi za leo. Walioandikwa walikuwa wanaume wenye umri wa miaka 25 na zaidi. Mama zetu hawakuandikwa. Kura zilipohesabiwa, wakuu waliochaguliwa katika mitaa ya Waafrika walikuwa watu wenye asili ya nje ya Katanga, ambao jamaa zao walivutwa huku na kazi za migodi na reli. Wenyeji wengi walinung'unika, na mwezi wa Oktoba 1958 kikaundwa chama cha CONAKAT. Yaliyofuata, hata Katanga kujitenga mwaka 1960, wazee wetu wanayakumbuka vema. Hatusemi kwamba kura zile zilihesabiwa vibaya. Twasema tu kwamba tangu siku ile ya kwanza watu wa hapa waliulizana ni nani mwenye haki ya kuandikwa katika mji huu, na swali hilo halijazeeka.

Tena ni swali gumu zaidi kwetu kuliko kwa majirani. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanywa mwaka 1984. Kwa miaka mingi raia wa kawaida hakuwa na kitambulisho kingine ila kadi ya mpiga kura. Ndiyo aionyeshayo benki, ndiyo aionyeshayo kwa askari barabarani, ndiyo aulizwayo akitaka kununua namba ya simu. Hata viti vya Bunge hugawanywa kwa kufuata idadi ya walioandikwa katika kila jimbo. Basi, mahali majina ya uongo yalipoongezwa, hapo hupatikana na wabunge wa ziada kabla mtu yeyote hajatia karatasi sandukuni.

Mwaka 2005 Tume ya Uchaguzi iliongozwa na Padre Apollinaire Malumalu, wa jimbo la Butembo-Beni. Alianza bila kitu. Umoja wa Mataifa ulimpa ndege na wataalamu, Umoja wa Ulaya ukatoa fedha nyingi kuliko wengine, Afrika Kusini ikachapa karatasi za kura. Watu milioni 25 na zaidi waliandikwa, nao wakapiga kura tarehe 30 Julai 2006. Wagombea urais walikuwa 33, na waliotaka viti 500 vya Bunge walipita 9,000, hata karatasi ya kura ya Kinshasa ikawa na kurasa kadhaa kama gazeti. Kazi ile ilifanyika, wala hatuoni aibu kusema kwamba bila wageni isingefanyika.

Uchaguzi wa tarehe 28 Novemba 2011 ulikwenda kwa haraka na kwa shida. Hapa Lubumbashi watu wenye silaha walishambulia kituo cha kura siku ile ile. Watazamaji wa Carter Center walisema matokeo hayaaminiki, na Mwadhama Kardinali Laurent Monsengwo naye akasema wazi kwamba hayakuwa ya kweli wala ya haki.

Ulipokuja uchaguzi wa mwaka 2018, serikali ilitangaza kwamba italipa gharama yenyewe, na kwamba haihitaji msaada wa wageni. Twaelewa fahari ya neno hilo. Taifa huru halipendi kuombaomba masanduku ya kura. Lakini mtu aweza kulipa gharama mwenyewe na bado akamwita jirani aje kutazama. Mlango mmoja ulibaki wazi, nao ni ule wa daftari. Tume, iitwayo sasa CENI, ilikuwa imeandika majina zaidi ya milioni 46. Alama za vidole na picha zilipolinganishwa kwa mashine, ilionekana kwamba majina zaidi ya milioni 5 yaliandikwa zaidi ya mara moja, na wengine karibu 900,000 walikuwa watoto wasiofikia umri. Wakafutwa, yakabaki majina takriban milioni 40. Ndipo mwezi wa Mei 2018 wakaja wakaguzi wa Shirika la Nchi Zisemazo Kifaransa (OIF), wakiongozwa na Jenerali Siaka Sangaré wa Mali.

Walikaa majuma matatu hivi. Walisema kwamba daftari laweza kutumika, walakini lahitaji kutengenezwa. Na wakaandika jambo ambalo wengine wangependa lisiandikwe, ya kuwa watu 16.6 katika kila 100 hawakuwa na alama za vidole. Maana yake ni watu zaidi ya milioni 6. Hatutaki kuwadhania wote kuwa wa uongo. Mchimba madini wa Kipushi aliyeshika sururu miaka 20, au mama anayelima kwa jembe kila msimu, vidole vyake huweza kukataliwa na mashine. Hata mwandikishaji mchovu aweza kuruka sehemu hiyo. Lakini ni wangapi walikuwa wachimbaji, na ni wangapi walikuwa hewa? Wapinzani walidai majina hayo yaondolewe au yahakikishwe. Yalibaki, na watu wakapiga kura nayo tarehe 30 Desemba 2018.

Twaona kwamba wakaguzi wale walitimiza kazi yao. Aliyepokea taarifa ndiye aliyeiweka kando. Tena kosa lilizidi baada ya kura. Sheria yataka matokeo ya kila kituo yabandikwe pale pale, nje ya mlango, kila mtu ayasome. Watazamaji 40,000 waliopelekwa na Baraza la Maaskofu (CENCO) waliyakusanya, na maaskofu wakatangaza kwamba hesabu yao haikupatana na ile ya CENI, iliyompa Bwana Félix Tshisekedi kura 38.57 katika kila 100. Ingekuwa rahisi kumaliza ubishi kwa kuchapa matokeo ya kituo kimoja kimoja. Hayakuchapwa.

Oktoba 2021 uongozi wa CENI ulipewa Bwana Denis Kadima, Mkongo ambaye kwa miaka mingi aliongoza EISA, taasisi ya mambo ya uchaguzi yenye makao Johannesburg. Yaani safari hii bingwa alikuwa mtoto wa nyumbani. Maaskofu wetu na Kanisa la Kristo katika Kongo (ECC) hawakukubali jinsi alivyoteuliwa, na jambo hilo lilionyesha kwamba ujuzi ni kitu kimoja na kuaminiwa ni kitu kingine. Mwaka 2023 daftari, lenye watu karibu milioni 44, lilikaguliwa tena mwezi wa Mei, lakini wakaguzi walipewa siku chache tu. Wapinzani walicheka, nasi hatuwezi kuwalaumu kwa kucheka. Kadi nyingi zilizotolewa wakati ule zilifutika wino kabla ya siku ya kura, na watu wakapanga foleni upya kutafuta nakala.

Kura ya tarehe 20 Desemba 2023 iliendelea siku kadhaa mahali pengine, kwa kuwa vifaa vilichelewa. Watazamaji wa CENCO na ECC, safari hii wakishirikiana, walikiri kwamba mgombea mmoja wa urais aliwaacha wengine mbali sana, wakaeleza pia maovu mengi waliyoyaona. Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 wa ubunge na mabaraza kwa udanganyifu na ghasia, baadhi yao wakiwa wakubwa serikalini. Hilo twalisifu, ijapokuwa twajiuliza mashine za kura zilifikaje nyumbani kwa watu binafsi.

Turudi kwa wale watoto 900,000. Hawakujiandikisha peke yao. Asiye na hati ya kuzaliwa huweza kukubaliwa kwa kadi ya shule, au kwa ushahidi wa watu watatu wa mahali pake. Mara nyingi nia ya mzazi si kuiba kura. Ataka tu mwanawe awe na kitambulisho cha kusafiria au cha kutafutia kazi. Lakini kadi ya shule hutiwa sahihi na mwalimu, na mashahidi watatu ni jirani zetu wa Katuba na Ruashi, si wageni wa kutoka Paris. Hakuna jenerali awezaye kukagua jambo hilo katika majuma matatu. Uchaguzi mwingine wangojewa mwaka 2028, na walimu wakuu wataombwa tena kuongeza miaka miwili au mitatu. Parokia nyingi zina kitabu cha ubatizo chenye tarehe ya kuzaliwa ya mtoto. Mwalimu aweza kumwomba padre kukifungua, na tarehe iliyomo ndiyo aandike.