Unachoma nyasi, halafu unanunua mbolea?

Mtu anakata nyasi za uwanja wake, anazikusanya, anazichoma. Mwezi ujao ukoka umepauka, anaenda dukani kununua yuria. Yaani mbolea kaichoma mwenyewe, sasa anailipia. Tuone sayansi yake, tukianzia kwenye mashine.

Mashine gani?

Aina kuu ni mbili. Ya silinda ndiyo ya zamani. Edwin Budding aliipatia hataza Uingereza mwaka 1830. Hukata kama mkasi: visu vinavyozunguka hubana jani kwenye kisu kilichotulia. Ndogo zake husukumwa kwa mkono, bila petroli. Inafaa uwanja mdogo, tambarare, wenye nyasi fupi. Ikikuta nyasi ndefu au kijiti, inakwama.

Ya pili ina kisu kinachozunguka kwa kasi chini ya mfuniko, kikipiga jani kama fyekeo. Hii inamudu nyasi ndefu na ardhi isiyo sawa, ila hurusha mawe. Kwa hiyo okota mawe kwanza, na watoto wakae mbali. Kisu kikiwa butu hakikati, kinachana, na kesho yake ncha za majani zinakuwa za kahawia. Ukiona hivyo, kanoe.

Ukate kiasi gani?

Usizidi theluthi moja. Zikiwa na sentimita 9, bakisha 6. Jani ndilo jiko la mmea. Ukilinyoa lote, mizizi inakosa chakula na jua linakausha udongo.

Zilizokatwa je?

Ziache hapohapo. Nyasi mbichi ni maji kwa takriban asilimia 80, na kwenye kilichobaki kuna naitrojeni nyingi. Vipande vifupi huoza haraka, na vinaweza kurudisha hadi robo ya naitrojeni ambayo uwanja unahitaji kwa mwaka. Ukizichoma, sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo inapaa na moshi.

Wengine huogopa kwamba zitajenga tabaka gumu juu ya udongo. Tabaka hilo hutokana hasa na mizizi na mashina, ambayo yana lignini nyingi na huoza polepole.

Zikiwa ndefu na zimerundikana, zitoe, maana zitaziba mwanga. Tengeneza mboji: fungu moja la nyasi kwa mawili ya majani makavu, na uligeuze rundo mara kwa mara. Nyasi peke yake hugandamana, hewa inakosekana, na harufu kali inaanza. Na kama ulipulizia dawa ya magugu, usizipeleke kwenye mboga: baadhi ya dawa hizo hubaki hata baada ya kuoza.